Kiti Kilichokataa Kuisha

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Mvua ikianza wateja hukauka, basi nimeona nifanye alichoniagiza daktari: niandike. Alisema mtu asiyelala na asiyesema lazima atoe mahali. Nikamwambia mimi nasema sana. Akasema, ndiyo, na makochi.

Haya. Mimi ni fundi wa makochi, miaka hamsini na moja. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia baba, na nyumba yenyewe anakaa dada yangu mkubwa. Kati ya karakana na sebule yake kuna mlango. Kila adhuhuri mlango unafunguka, sinia linapita, mlango unafungwa. Tangu mke wangu aondoke mwaka jana, dada ndiye anayenilisha. Mke wangu aliondoka na mtu mwenye gari la viti vya ngozi. Viti hivyo nilivishona mimi, na kwa bei ya urafiki. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri kuliko hata kuondoka kwenyewe.

Leo sinia limekuja. Kuta zimeanza kutoa unyevu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata mteja, na afadhali nisingempata.

Kabla ya adhuhuri mkokoteni ulisimama mlangoni na kiti chenye mikono kimefunikwa nailoni. Nyuma yake binti amelowa chapachapa, maana nailoni ilikuwa moja na aliona bora kiti. Nilimtambua aliponiamkia. Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu, mwana wa pekee wa dada, alimleta humu ndani kama mchumba. Alikuja na taa yake ya duara, ile ya kupigia video, akaomba kupiga picha na pazia la sebuleni. Dada akauliza kama ameletewa mkwe au studio. Mimi nikambandika jina Taa. Tukacheka, akakubaliwa, akawa anamwita dada "mama" na mimi "mjomba". Halafu mpwa akaenda kufanya kazi ng'ambo, na mwaka jana akamwacha kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili.

Sasa Taa ana miaka ishirini na saba, analala sebuleni kwa shangazi yake, na wafuasi wake mtandaoni wamegoma kuongezeka. Maduka yanamlipa kwa mafuta ya kupaka. "Nina ngozi nzuri, mjomba, ila siwezi kuila," akasema. Kiti kilitoka kwenye hoteli iliyovunjwa. Anataka nikitengeneze upya, na yeye arekodi kila hatua mpaka kiwe kipya, watu wafuatilie.

Nikakataa. Akasema sura yangu haitaonekana, mikono tu. Nikakataa tena, huku nimeshakigeuza kiti kutazama springi zake. Fremu nzuri, mbao ngumu. Sijui ni lini nilikubali.

Mlango wa katikati ulifunguka. Dada akamwona, akamjibu salamu kwa adabu kamili. Sinia likaja na kijiko kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tu.

Jumanne, 12 Machi

Tumevua kitambaa cha zamani na kung'oa sponji iliyooza. Nilidhani kazi yake ni mchezo wa kujitazama. Leo alirudia kurekodi kitu kimoja, mimi kukata mkanda wa kushikilia springi, mpaka nikahesabu mikanda iliyoharibika nikaacha kuhesabu. Paa linavuja pembeni ya meza. Alitia tambara ndani ya ndoo ili matone yasisikike kwenye video. Magoti yake yalikuwa na vumbi jekundu la sponji na hakujipangusa.

Akaniomba nikae kitini nijaribu springi. Nikamwambia baba alitukataza: fundi hakalii kiti cha mteja. Siku ukikikalia utaanza kukitengeneza kwa makalio yako badala ya yake. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, nikajikuta nami nacheka. Upande wa pili wa mlango, ufagio wa dada ulisimama.

Alhamisi, 14 Machi

Dada amenipa sinia na habari. Mwanawe anarudi mvua zikiisha, na mchumba mpya. Hajaja nyumbani miaka mitatu. Dada alisema hayo akiwa ameshika fremu ya mlango, na sauti yake ilikuwa ya kuagiza chumvi dukani. Kisha akasema kiti cha yule binti kiwe kimetoka kabla ya siku hiyo.

"Aliitwa mkwe humu ndani," akasema. "Mkwe ni mkwe, hata ndoa isipofungwa."

Nikamwambia ni kiti tu, dada. Akasema hakuuliza ni nini.

Jumatano, 20 Machi

Leo hakuniita mjomba. Alisema, "Fundi, nishikie hii." Nilishika. Siku nzima nilingoja arudi kwenye jina la zamani na hakurudi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna ninayeweza kumwambia kitu kidogo namna hii akaniona nina akili.

Jumamosi, 23 Machi

Hakuja. Karakana ilikuwa kubwa.

Jumatatu, 25 Machi

Kitambaa kimekaa: velveti ya kijani, ametoa yeye, nadhani aliuza viatu. Imebaki misumari ya vichwa vya shaba kuzunguka mikono ya kiti na mgongo. Ni kazi ya siku mbili, tatu nikijivuta. Kisha kiti kinatoka, na yeye anatoka nacho.

Niliposhika nyundo mkono ulikuwa mzito. Nikapiga mkono wa kushoto wote, akarekodi, akasema safu imenyooka kama imepigwa rula. Akaenda zake.

Jumanne, 26 Machi

Asubuhi, kabla hajafika, nilichukua koleo nikang'oa nusu ya misumari ya jana. Nilijiambia kitambaa kimevutika vibaya. Kitambaa hakikuwa na neno.

Alhamisi, 28 Machi

Nimefumua tena.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Nimefumua. Sinia limekuja.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo amenieleza, bila kuinua macho kwenye simu yake, kwamba siku alipopata ule ujumbe wa mpwa wangu alikuwa katikati ya kurekodi tangazo la sabuni. Akamaliza tangazo, akatabasamu mpaka mwisho, kwa kuwa sabuni ilikuwa imeshapokewa. Nami nikamweleza habari ya viti vya ngozi. Ni mara ya kwanza kumwambia mtu. Hakunionea huruma. Aliuliza kama nilivishona vizuri. Nikasema vizuri mno, wataachana vitabaki. Akasema basi kila wakipanda gari wanakaa juu ya kazi yangu.

Nampenda. Nimeliandika nikaliangalia, na bado lipo.

Jumanne, 9 Aprili

Nimefumua. Mashimo ya misumari yameanza kuwa mapana, natia vijiti vya mbao na gundi ili mbao ishike. Nafanya kazi mara mbili ya kawaida ili kazi isiende mbele.

Ijumaa, 12 Aprili

Ana homa. Alikuja hivyohivyo, akarekodi dakika chache akitetemeka, nikamfukuza aende akalale. Nilimpa koti langu. Dada alikuwa dirishani.

Jumapili, 14 Aprili

Muuza vitambaa wa duka la pili amekuja akivuta mdomo kama mtu aliyebeba maji ya moto. Huyu ndugu hajui kufunga kinywa hata akiwa amelala. Akanisukumia simu.

Wafuasi wa Taa wameweka picha mbili sambamba. Kwenye moja mkono wa kushoto wa kiti una misumari mpaka mwisho. Kwenye nyingine, ya siku iliyofuata, misumari inaishia katikati. Mtu akaandika kwamba kiti hiki kinarudi nyuma. Mwingine akasema fundi ni mwizi, anavuta siku ili adai zaidi. Halafu mmoja akaandika: "Huyu si mwizi. Huyu hataki kiti kiishe kwa sababu kikiisha binti ataondoka." Chini yake watu wamejaa kama nzige. Wanawekeana dau ni lini nitamaliza. Wengine wanaomba nisimalize.

"Ng'ombe hazeeki maini," muuza vitambaa akasema.

Nikamwambia aende zake. Akafika mlangoni akageuka, safari hii bila kucheka. Akasema mapenzi ni kikohozi, ndugu yangu, na wewe umekohoa mbele ya watu laki mbili, tena kwa kidole. Akaonyesha dole gumba langu la kulia, ambalo nyundo ililipinda nikiwa kijana. Mtaa mzima unalijua.

Jumatatu, 15 Aprili

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa, maana tayari nimeanza kuyapunguza.

Alikuja mapema, homa imemtoka, koti langu amelikunja mkononi. Mvua ilikuwa kubwa hata barabara haionekani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Usiku kucha nilikuwa nimejenga kesi: kwamba alijua, akaacha ionekane, akaniuza ili wafuasi waongezeke. Mke wangu alinifundisha kwamba mtu anaweza kukaa nawe chumba kimoja huku hesabu zake ziko kwingine. Nikamuuliza bila kumwamkia kama alifanya makusudi.

Aliweka koti mezani. Akasema kila siku kabla ya kurusha video alikuwa anakata kipande cha mwanzo, pale ambapo kiti kinaonekana na misumari imepungua, ili watu wasigundue. Ijumaa alikuwa na homa. Alirusha bila kukata, akalala.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," nikasema.

"Tangu mara ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha."

Niliona aibu, na chini ya aibu furaha, na furaha ndiyo iliyoniogopesha. Nikasema yale ambayo mtu wa umri wangu anapaswa kusema. Kwamba nina miaka hamsini na moja. Kwamba aliingia nyumba hii akiwa mchumba wa mpwa wangu, na nyuma ya mlango ule aliitwa mkwe. Kwamba yeye atachoka nami, au watu watamchosha. Nilisema mengi, na yote yalikuwa ya kweli.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Miaka yako naijua, na yangu naijua," akasema. "Hilo jina la mkwe alinipa mpwa wako, akalichukua mwenyewe. Sikuombi kitu, Fundi. Nauliza tu, kesho asubuhi utafumua au utapigilia?"

Nilikuwa na nyundo mkononi. Nikamwambia mvua imepungua, awahi kabla haijarudi. Haikuwa imepungua hata kidogo. Akachukua taa yake akatoka.

Jumanne, 16 Aprili

Sikufumua. Sikupigilia. Sinia halikuja.

Jumatano, 17 Aprili

Sinia halikuja. Nimenunua mkate.

Ijumaa, 19 Aprili

Dada amepita mlango wa katikati mwenyewe. Sikumbuki ni lini alifanya hivyo mara ya mwisho. Pengine siku ya msiba wa baba. Akakaa kwenye kigoda changu cha kukatia kitambaa, akaangalia kiti kwanza, kisha mimi.

Nilijitayarisha kwa ukali. Huyu ndiye aliyenipeleka shule kwa kunivuta sikio. Ila hakuwa mkali. Alisema wanawake wenzake wa kikundi wamemwonyesha simu na kumuuliza kama dole lile si la mdogo wake, akakana. Amekana mbele ya watu wazima, na wote walijua anakana.

Kisha akasema kuhusu mwanawe. Miaka mitatu amekuwa akiahidi kurudi na kuahirisha, na kila akiahirisha dada anasema sawa baba, kazi kwanza, halafu anakwenda kufua mashuka ya kitanda chake ambayo hayajalaliwa. Sasa amekata tiketi. Akifika akute mjomba wake amekaa na mwanamke aliyekuwa wake, atageuka siku hiyohiyo, na safari hii hatarudi.

"Usinifanye nichague kati yenu," akasema. "Nitamchagua yeye, na wewe unajua, na sitaki ujue."

Miaka yote nimemwona dada kama ukuta wa nyumba hii, kumbe anaogopa kuachwa kama ninavyoogopa mimi, tena yeye anaogopa hata kabla hajaachwa. Nikamwambia nitamaliza kiti. Akasema kikitoka hataniuliza lolote maisha yake yote.

Adhuhuri sinia likaja.

Jumatatu, 22 Aprili

Taa amerudi. Aliongea nami kama mteja, na hilo lilinichoma kuliko kunilaumu. Kampuni moja ya magodoro imeona mambo ya kiti. Wanampa kazi ya mwaka mzima, kwa sharti kwamba video ya mwisho iwe tayari Jumamosi ya tarehe nne Mei, kiti kimekwisha, mtu amekikalia. Atapanga chumba. Atatoka sebuleni kwa shangazi yake.

Kwa hiyo dada anataka kiti kiishe, Taa anahitaji kiishe, watu laki mbili wanakingoja. Nimebaki mimi na koleo langu.

Nikamuuliza nani atakikalia. Akasema yeye mwenyewe, nani mwingine.

Jumatano, 24 Aprili

Safu ya kwanza. Nimeiacha.

Jumamosi, 27 Aprili

Safu ya mgongo. Vijiti vimeshika vizuri, misumari haitoki tena hata ukitaka. Mvua zimeanza kuwa za jioni tu. Tunafanya kazi bila maneno, na yeye harudii kurekodi. Kila kitu kinatoka sawa mara ya kwanza. Hilo nalo linaniuma.

Jumanne, 30 Aprili

Mpwa amenipigia simu. Nilimbeba mtoto huyu mabegani. Alianza kwa heshima, shikamoo, afya, mvua. Kisha akafika alikotaka kufika.

"Nilimwacha, mjomba," akasema. "Sikumwachia mtu."

Nilitafuta hasira yangu nikaikuta. Nikamwambia binti si kochi, uliache mahali ukataka lisikaliwe. Akakata simu. Nilikaa nikijua kwamba nimeshajibu swali ambalo sikuwa nimemjibu Taa, na kwamba nimelijibu kwa mtu asiyehusika.

Alhamisi, 2 Mei

Imebaki misumari michache ya mkono wa kulia. Nimeiacha kwa ajili ya video. Jua limetoka kutwa nzima na mtaa mzima umeanika.

Jumamosi, 4 Mei

Mpwa anafika kesho.

Taa alifunga taa yake mapema, akafagia, akaondoa ndoo ya paa kwa kuwa hakuna kinachovuja tena. Nilipigilia misumari iliyobaki taratibu, naye akarekodi. Wa mwisho ulipoingia nilipitisha kiganja juu ya safu yote. Hakuna uliochomoza. Nikasema, "Kimekwisha." Sauti yangu itasikika kwenye video, akaamua asiikate.

Akavua ndala ili aende kukaa. Akafika mbele ya kiti, akasimama. Alikitazama muda, kisha akarudi nyuma ya simu.

"Fundi, kaa wewe."

Nikasema sura itaonekana. Akasema ukikaa itaonekana, ndiyo. Nikasema baba alikataza, fundi hakalii kiti cha mteja.

"Mimi si mteja wako," akasema. "Na usikae kwa ajili ya kampuni. Kwa ajili ya kampuni nitakaa mimi, inatosha. Kaa kama unataka."

Hapo mlango wa katikati ukafunguka. Ilikuwa adhuhuri. Dada alisimama na sinia limefunikwa kawa, akaona taa imewashwa, na mimi nimesimama hatua moja mbele ya kiti. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mdogo wangu," akasema. Alisema polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto ngazi. "Ukikaa hapo, kwangu usikae tena."

Taa alinyoosha mkono kuizima simu. Nikamwambia aiache.

Ningependa kuandika kwamba sikusita. Nilisita. Nilimtazama dada, nikaona mashuka yale yaliyofuliwa bure, nikaona sikio langu mkononi mwake njiani kwenda shule. Nilimpenda sana saa ile. Nikamwambia, "Nisamehe, dada."

Nikakaa.

Dada aliingia, akaliweka sinia juu ya meza ya kukatia, akahakikisha halijakaa ukingoni. Akarudi kwake. Ufunguo ukazunguka kwa upande wake. Mlango ule una kitasa tangu enzi za baba na sijawahi kusikia ukifungwa kwa ufunguo.

Taa akazima taa. Akaja akakaa kwenye mkono wa kiti, ule wa kushoto niliofumua nusu ya msimu, akaweka mkono wake juu ya dole gumba langu. Alikuwa analia na mimi pia. Tulikaa hivyo mpaka simu yake ikaanza kutetemeka mezani, akaiacha itetemeke.

Baadaye nikafunua kawa. Sinia lilikuwa na vijiko viwili. Dada alikuwa amekuja kumuaga Taa kwa heshima, kiti kinatoka, yamekwisha. Nilimweleza Taa. Akakishika kijiko cha pili muda mrefu bila kula.

Tulikula chakula kimepoa. Kesho nitatafuta chumba cha kupanga karakana. Springi moja ya kushoto inabonyea zaidi ya wenzake, sikuwahi kuigundua kwa kuwa sikuwahi kukaa. Nitaifungua niifunge upya.